Bila Maganda

Waliishusha Jumanne saa nne kutoka mkokoteni,
pikipiki ya Mihayo, imefungwa kamba za katani
kama mbuzi wa mahari asiyetaka kwenda.
Buluu yake, ile iliyokuwa ikizima maongezi
pale Isevya kila ilipopita,
imebaki vipande ndani ya gunia la mahindi.

Ng'ombe, walisema. Giza, barabara ya Urambo,
na ng'ombe amelala katikati ya lami.
Lami hutunza joto la mchana. Ng'ombe wanajua.
Mwenye ng'ombe alilipwa
kabla paja la Mihayo halijatiwa chuma pale Kitete.

Nilikuta unyoya mwekundu kwenye mapezi ya radieta.
Nikautoa kwa koleo dogo. Sikumwambia mtu.

Sizya akapiga hesabu ya maganda mapya:
uso, mabawa, tumbo, mkia,
plastiki ya kuagiza Dar, wiki tatu, na bei
ya mabati ya nyumba nzima.
Mihayo, amekaa juu ya ndoo, mguu umenyooka mbele
kama wa mtu mwingine, akasema:
"Achana nayo. Itembee hivyo hivyo. Uchi."
Hakutabasamu.

Basi tukaanza kuondoa.
Miaka kumi na tisa kazi yangu ni kurudisha;
hii ilikuwa kazi ya kukataa kurudisha.
Grenda ikala mkia, cheche zikaruka
hadi kwenye beseni la maandazi la mama Kalunde,
akatutukana kwa Kinyamwezi, kwa ufasaha.
Fremu nikaipima kwa uzi wa mwashi:
imepinda kidole kimoja.
Kidole kimoja, kwa mwendo wa mia na arobaini,
ni kaburi.
Tukaipasha moto, tukaivuta kwa winchi ya lori, tukapima,
tukaivuta, usiku ukaingia, tukapima.

Usukani wa chini, ule wa kuinama
kama unausujudia upepo, tukautupa.
Tukafunga bomba pana lililotoka pikipiki ya Mchina
ili dereva akae wima, viwiko nje,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mahakamani
na akaitika.
Taa mbili za trekta, kutoka chama cha tumbaku,
moja kubwa kuliko mwenzake.
Sizya alitaka zilingane.
Nikamwambia, mtazame bibi yako macho.

Sasa kila kitu kiko nje:
mabomba manne yanashuka tumboni kama vidole vya mkono uliokamata,
nyaya, boliti, kovu la kuchomelea
ambalo sikulipiga msasa.
Rangi ni nyeusi ya sufuria ya kuni.
Tenki tumeliacha na bonde lake, pale goti lilipogonga.
Mihayo hutia kiganja mle. Kinaenea.

Jumamosi niliiwasha.
Umewahi kuuchokoza mzinga wa gome, porini Sikonge,
nyuki wakiwa nyumbani wote?
Hivyo.
Watoto wa madrasa wakaja mbio, na wengine wakakimbia.

Mihayo akaizunguka na gongo lake mara mbili.
Nilidhani atapanda.
Akauliza gunia liko wapi.

Akaondoka nalo. Wiki iliyofuata nilipita kwao Kanyenye:
mabawa ya buluu juu ya banda la kuku,
yamezuia mvua, herufi za kiwanda kichwa chini,
na vifaranga kumi na mmoja, wakavu, chini yake.
Mama yake akaniambia,
"Hii sasa ndiyo kazi."

Pikipiki bado iko kwangu. Kila asubuhi
naiunguruma dakika tano, oili isilale.
Juzi alikuja bila gongo.
Akaikalia, injini imezimwa,
akausukuma mguu wa chuma taratibu
mpaka ukagusa breki.
Jasho lilimtoka.
Akashuka.
"Kesho," akasema,
na mimi sijamuuliza kesho ya tarehe ngapi.